Tovuti Inayoweza Kukanushwa: Imani ya Wafadhili Ikitazamwa kutoka Kalinzi

Mwaka 2009 Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, alichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu asasi zinazoomba michango kupitia intaneti. Watu waliochunguzwa walitaka kujua mambo mawili kabla ya kutoa chochote: asasi inafanya nini, na fedha watakazotoa zitatumikaje. Ni asilimia 43 tu ya tovuti zilizojibu swali la kwanza katika ukurasa wa mwanzo. Swali la pili lilijibiwa na asilimia 4.

Tangu hapo ushauri wa kuzitengeneza upya tovuti za asasi umekuwa biashara kamili, na karibu wote unafanana. Weka picha kubwa ya mtoto anayetabasamu. Weka chati ya mviringo inayoonyesha sehemu ya fedha inayokwenda kwenye miradi. Weka nembo za taasisi zinazopima asasi, weka ripoti ya mkaguzi wa hesabu, na kitufe cha kuchangia kikae juu, mkono wa kulia. Sina sababu ya kuubeza ushauri huo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2002 uliwataka watu 2,684 waeleze kwa nini wanaiamini au hawaiamini tovuti fulani, na karibu asilimia 46 ya maoni yao yaligusa mwonekano wake: mpangilio, herufi, rangi. Asasi ambayo "habari mpya" yake ni warsha ya miaka sita iliyopita inajinyima michango yenyewe.

Hata hivyo ushauri huo wote unamjua msomaji mmoja tu, yule mwenye kadi ya benki. Makala haya yanadai kwamba tovuti ya asasi huaminika kwa haki pale inapokuwa na msomaji wa pili: mtu yuleyule anayesimuliwa ndani yake, ambaye anaweza kuisoma, akasema "hapa mmekosea", na neno lake likaonekana mahali ileile lilipoonekana neno la asasi. Tovuti ya namna hiyo naiita tovuti inayoweza kukanushwa. Mahali ninapoitazamia hoja hii ni Kalinzi, na kuna sababu ya kupachagua.

Kalinzi na wasimulizi wake

Kalinzi iko milimani, kaskazini mwa mji wa Kigoma, upande wa kuelekea Manyovu na mpaka wa Burundi. Ni nchi ya migomba, maharage na kahawa ya arabika. Ukishuka upande wa magharibi unafika Ziwa Tanganyika na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kushuka ufukweni pale tarehe 14 Julai 1960 kuchunguza sokwe. Kwa sababu ya sokwe hao, vijiji vya ukanda huu vimesimuliwa kwa wageni kuliko vijiji vingi vya ukubwa wao nchini.

Mwaka 1990 Goodall alipita kwa ndege juu ya Gombe akaona vilima vinavyoizunguka hifadhi vimebaki vipara. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha TACARE, mradi ulioanza na upandaji miti katika bonde la ziwa, ukajikuta mapema ukisikiliza mahitaji mengine: maji, zahanati, shule, kipato cha wanawake. Kahawa nayo iliingia. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Green Mountain ya Vermont, Marekani, iliuza kahawa ya wakulima wa milima hii kwa jina la Gombe, na mnunuzi aliyefungua pakiti jikoni kwake alikuwa anashiriki, kwa namna fulani, katika kuwalinda sokwe.

Kahawa hiyo inatupa mahali pazuri pa kuanzia nadharia. Henry Hansmann, katika makala yake ya mwaka 1980 kwenye jarida la sheria la Yale, aliuliza kwa nini kuna asasi zisizogawana faida. Jibu lake ni kwamba kuna huduma ambazo mlipaji hazipokei yeye. Anayenunua kahawa ya Kalinzi huionja. Ikiwa mbovu, hainunui tena, na habari humrudia muuzaji bila mtu yeyote kuandika ripoti. Anayelipia bomba la maji Kalinzi hayanywi maji yake. Hawezi kujua kama yanatoka, kama ni safi, kama bomba lipo. Hansmann alisema mlipaji wa namna hiyo huikimbilia asasi isiyo na faida kwa kuwa angalau haina mwenye hisa wa kunufaika na uongo. Kinga hiyo ni dhaifu, kama historia ya asasi ilivyotuonyesha. Na nadharia yenyewe ina pengo ambalo Hansmann hakulishughulikia sana: mtu wa kuonja yupo. Yuko Kalinzi, anateka maji hayo kila siku. Anachokosa ni njia ya kumfikia aliyelipa.

Ukisoma tovuti za asasi kwa jicho hilo, utaona kwamba sehemu kubwa ya usanifu wake imejengwa kuziba pengo kati ya mlipaji na asasi, huku pengo kati ya mlipaji na mnywaji likiachwa lilivyo. Cheti cha mkaguzi kinasema vitabu vya hesabu vinalingana. Hakisemi kama bomba linatoa maji.

Mfadhili wa Leeds

Tabia hii ni kongwe kuliko intaneti, na ziwa hili lina ushahidi wake. Katikati ya miaka ya 1870 tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, aliahidi pauni 5,000 kwa Chama cha Wamisionari cha London ili kifungue kituo Ziwa Tanganyika na kuweka meli ya mvuke majini. Arthington aliishi kwa ubahili uliosemwa sana mjini kwake, na hakuwahi kufika Afrika. Wamisionari walitoka pwani mwaka 1877 na mikokoteni ya ng'ombe, wakashindwa nayo njiani, na wachache wao wakafika Ujiji Agosti 1878. Mkuu wao, Thomson, alifariki mwezi uliofuata. Edward Hore, baharia, akabaki kuendesha kazi na kuandika.

Barua za Hore zilikwenda London, na kutoka London habari zikawafikia wachangiaji kupitia jarida la chama. Kwa viwango vya wakati ule huo ulikuwa uwazi mkubwa: majina ya vituo, ramani, vifo, gharama. Kilichokosekana ni kauli ya Ujiji yenyewe. Wakati huo mji ulikuwa na wakubwa wake, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiongozwa na Mwinyi Heri, ambao walikuwa na maoni makali kuhusu wageni hawa na mahali walipotaka kujenga. Mchangiaji wa Uingereza aliyapata maoni hayo kwa kalamu ya mtu aliyekuwa akibishana nao. Baada ya miaka michache chama kilihama Ujiji kikaelekea kusini mwa ziwa, na meli iliyoombwa, iliyoitwa Good News, ikashushwa majini huko mwaka 1885 baada ya kubebwa vipandevipande kupitia Nyasa. Arthington alipata meli yake. Kama ilikuwa na faida kwa watu wa Ujiji, hakuna ukurasa wa jarida lile ambao wao wangeweza kuandika jibu.

Sisemi Hore alidanganya. Alikuwa mwandishi makini wa mambo ya ziwa, na wanahistoria bado wanamtegemea. Ninachosema ni kwamba uaminifu wake ulibebwa na tabia yake peke yake. Mfumo haukuwa na mahali pa kumsahihisha.

Nani aligundua?

Turuke zaidi ya karne moja. Kiva, asasi ya San Francisco, ilianza mwaka 2005 na mikopo ya majaribio kwa wajasiriamali saba wa Tororo, mashariki mwa Uganda. Tovuti yake ilipendwa mno. Mtu wa Marekani aliona picha ya mama mwenye genge la samaki, akasoma jina lake na kiasi anachohitaji, akabonyeza, akaamini kwamba dola zake 25 zinakwenda kwa mama yule. Oktoba 2009 mchumi David Roodman wa Washington aliandika kwamba sivyo mambo yanavyokwenda. Mara nyingi mama alikuwa amekwisha kupata mkopo wake kutoka taasisi ya mikopo midogo kabla picha yake haijawekwa. Fedha ya mkopeshaji ilikwenda kuujazia mfuko wa taasisi hiyo. Habari hii haikufichwa. Ilikuwemo ndani ya tovuti kwa mwenye subira ya kuchimba. Kilichopotosha ni mpangilio, yaani kazi ya msanifu. Kiva ikabadilisha maneno ya ukurasa wake wa mwanzo, ikaacha kudai kwamba unamkopesha mtu mahususi na kusema badala yake kwamba inawaunganisha watu kwa njia ya mikopo.

Wengi hulitaja tukio hili kama mfano wa asasi iliyojisahihisha vizuri, na ni kweli. Mimi linanisumbua kwa jambo jingine. Roodman alihitaji utafiti ili ajue tarehe ya mkopo. Mkopaji aliijua tangu siku aliyopokea fedha. Maelfu ya watu walikuwa na ukweli wote mkononi, picha zao zikiwa ndani ya tovuti hiyohiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kusema. Kama kila ukurasa wa mkopaji ungemfikia mkopaji kwa lugha yake na kumwuliza kama yaliyoandikwa ni sawa, kosa hilo lisingevuka miezi michache.

GiveDirectly, inayogawa fedha taslimu kwa kaya maskini na iliyoanzia magharibi mwa Kenya, imekwenda mbali zaidi kuliko asasi nyingi ninazozifahamu. Iliwahi kuwa na ukurasa ambamo majibu ya wapokeaji yaliwekwa kama walivyoyatoa, bila ofisa habari kuchagua yaliyo matamu. Ilipoingia Kaunti ya Homa Bay mwaka 2015, karibu asilimia 45 ya watu walikataa fedha zake, wengine kwa kuamini kwamba zina mkono wa shetani. Asasi ikaliandika jambo hilo hadharani. Kisha mwaka 2023 ikatangaza kwamba mwaka uliotangulia wafanyakazi wake katika Kivu Kusini, ng'ambo ya ziwa letu hili, walikuwa wameiba kiasi cha dola 900,000. Kwa sababu ya umbali na usalama, wafanyakazi hao waliruhusiwa kushughulika na usajili wa laini za simu za wapokeaji, nao wakaitumia nafasi hiyo kuchepusha fedha.

Wapo watakaosema wizi huo unaonyesha kwamba uwazi hauzuii kitu. Nauona kinyume chake kwa sehemu. Palipovunjika ni palepale ambapo laini ya simu, njia pekee ya mpokeaji kujua kilichotumwa kwa jina lake, iliwekwa mikononi mwa mtu wa kati. Mwenye jina akikosa kuona rekodi yenye jina lake, ukurasa wa wafadhili hata uwe mweupe kiasi gani hautasaidia.

Ukubwa wa chembe

Onora O'Neill, mwanafalsafa aliyetoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 2002 kuhusu imani, alionya kwamba kumwaga taarifa hadharani hakuleti imani yenyewe. Tunaweza kuamini kwa busara pale tu tunapoweza kuuliza, kupima na kujibiwa. Onyo hilo nalichukua kama kipimo cha usanifu: kwa kila sentensi iliyomo kwenye tovuti, tuulize ni nani anayeweza kuipima.

Chukua ile chati ya mviringo. Asasi inasema asilimia 87 ya fedha zake zinakwenda kwenye miradi (namba ni yangu ya mfano, lakini kila msomaji ameziona za namna hiyo). Hakuna mtu Kalinzi anayeweza kuikubali wala kuikana kauli hiyo. Hata Washington hawaiwezi bila vitabu vya hesabu, na hata wakivipata watabishana kama mshahara wa dereva ni utawala au ni mradi. Mwaka 2013 viongozi wa taasisi tatu kubwa za Marekani zinazopima asasi, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, waliwaandikia wachangiaji barua ya wazi wakiwasihi waache kuihukumu asasi kwa uwiano wa gharama za uendeshaji. Zaidi ya miaka kumi imepita, na chati bado iko palepale.

Sasa chukua kauli nyingine, ya mfano vilevile: "Katika kitongoji hiki tulijenga vilula sita vya maji, leo vinne vinatoa maji." Kila mwanamke wa kitongoji hicho anaweza kuithibitisha au kuivunja kabla ya saa mbili asubuhi. Kauli ni ndogo, ina mahali na ina tarehe. Uwezo wa kukanushwa unategemea ukubwa wa chembe: kadiri kauli inavyosagwa hadi ngazi ambayo mtu anaishi, ndivyo mashahidi wanavyoongezeka. Asasi nyingi hufanya kinyume. Huchukua rekodi zilizo katika ngazi ya kitongoji, huzijumlisha hadi "watu 40,000 wamefikiwa", kisha huiweka jumla hiyo kwa herufi kubwa juu ya ukurasa. Kujumlisha huko kunawafuta mashahidi wote.

Utamaduni wa kauli ndogo tunao, na hatukuuazima kwa mtu. Kamati ya harusi ya Mtanzania inayokusanya mamilioni kupitia kundi la WhatsApp haina chati wala nembo. Ina orodha: jina, ahadi, alichotoa, salio. Mweka hazina akikosea, dakika haziishi kabla mwenye jina hajatuma picha ya ujumbe wa M-Pesa. Na siku ya kuvunja kamati, mapato na matumizi husomwa mbele ya watu waliokula pilau iliyonunuliwa na fedha hizohizo. Ubora wa mfumo huo hautokani na wema wa wanakamati. Unatokana na kwamba walioandikwa ndio wasomaji.

Serikali nayo inao. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ni ajenda yake. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012, ulijengwa juu ya mkutano huohuo: majina ya kaya zinazopendekezwa husomwa mbele ya kijiji, na mtu anaweza kusimama akasema huyu ana ng'ombe wanane, au mbona mjane wa pale juu hayumo. Zoezi hilo lina chuki na upendeleo wake, kila aliyehudhuria analijua. Bado ni hakiki ambayo asasi nyingi zenye tovuti nzuri hazijathubutu kuifanya.

Picha na mwenye picha

Mshauri wa tovuti atanijibu kwamba wafadhili hawatoi kwa vilula, wanatoa kwa sura za watu, na ushahidi anao. Mwaka 2007 Small, Loewenstein na Slovic walichapisha jaribio ambalo watu walipewa nafasi ya kuchangia Save the Children. Walioonyeshwa Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosomewa takwimu za njaa walitoa dola 1.14. Walioonyeshwa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, walitoa dola 1.43. Takwimu zilipunguza huruma.

Ushahidi huo naukubali, lakini jaribio lilipima mchango wa mara moja kutoka kwa mtu aliyekaa chumbani. Halikupima kama mtu huyo atatoa tena mwaka wa tatu, wala alichohisi Rokia. Imani na huruma ni vitu viwili, na tovuti nyingi "zinazojenga imani" kwa kweli zinachochea huruma na kuipa jina la imani.

Kuhusu mwenye picha, Tanzania imeshaamua kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zake, ikiwemo kujua zinatumikaje na kutaka zirekebishwe. Asasi nyingi zinaichukulia sheria hii kama fomu moja zaidi ya kusainisha mzazi siku ya kupiga picha. Nafikiri ni zaidi ya hapo. Haki ya kurekebisha haina maana kama mtu hajui kilichoandikwa, na hawezi kujua kama hadithi yake iko kwa Kiingereza, katika ukurasa wenye video nzito inayomaliza bando lake kabla haijafunguka. Mtoto wa Kalinzi aliyepigwa picha akiwa na miaka tisa atakuwa na simu akifika kumi na saba. Atajitafuta, na atakachokuta kumeandikwa kuhusu umaskini wa mama yake kitapaswa kuwa kitu ambacho mama yake alikisoma na kukikubali.

Sura moja

Ukanda wa Gombe una somo lake kuhusu sura. Kwa miaka mingi imani ya wachangiaji wa kazi ya huku ilikaa usoni mwa mtu mmoja. Goodall alisafiri, alizungumza, watu wakamwamini, na kwa kumwamini wakaviamini vilima na vijiji ambavyo hawatavitembelea. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, akiwa bado katika ziara ya mihadhara Marekani. Imani ya aina hiyo hairithishwi kwa urahisi, na kuweka picha yake kubwa zaidi kwenye tovuti hakutaiongezea uhai.

Bahati ni kwamba kazi yenyewe imeacha kitu imara zaidi ya sura. Chini ya TACARE vijiji viliandaa mipango ya matumizi ya ardhi, msingi wake ukiwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, vikatenga misitu yao wenyewe, na wanavijiji waliochaguliwa kuifuatilia misitu hiyo wakapewa simu za kurekodi wanachokiona: kisiki, mtego, alama ya sokwe, pamoja na mahali na tarehe. Rekodi hizo huwekwa kando ya picha za satelaiti. Hapa chembe ni ndogo, na anayeandika ni jirani wa anayeandikwa. Msitu ukikatwa, satelaiti itamsuta aliyesema haukukatwa; na satelaiti ikiuona mgomba ikauita msitu, mwanakijiji ataisuta satelaiti. Kama ningeombwa kuitengeneza upya tovuti ya asasi yoyote katika mkoa huu, ningeanzia kwenye rekodi za namna hiyo, na picha ya mwanzilishi ningeipeleka kwenye ukurasa wa historia.

Kinachobadilika kwenye ukurasa

Kwa vitendo, mabadiliko ninayoyadai ni machache na hayapendezi sana machoni. Kila kijiji chenye mradi kiwe na ukurasa wake mwepesi wa maandishi, kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza baadaye, unaofunguka kwenye simu ya bei ndogo. Ukurasa huo useme kilichoahidiwa, kilichofika, kilichoharibika na tarehe ya mwisho mtu alipokwenda kuangalia. Ukurasa huohuo uchapwe kwenye karatasi na kubandikwa ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, maana si kila mtu ana bando na wala si lazima awe nalo. Kuwe na namba ya simu ya kupokea pingamizi, na pingamizi lionekane chini ya kauli inayopingwa, likiwa na tarehe lilipopokelewa na tarehe lilipojibiwa. Jina la mlalamikaji lisitajwe, ili kesho asikatwe kwenye orodha. Mfadhili wa Oslo au Dar es Salaam aone kitu kilekile kilichoonekana ubaoni.

Pingamizi la kwanza dhidi ya pendekezo hili ni hofu kwamba mfadhili akisoma "vilula viwili vimekufa" atakimbia. Wengine watakimbia. Mfadhili anayetoa kwa kuamini kwamba hakuna kitu kinachoharibika atakimbia siku yoyote atakayogundua, na ni nafuu akimbie mapema. GiveDirectly ilitangaza wizi wake na bado ipo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kijiji si kitu kimoja. Mwenyekiti anaweza kuwatuma vijana wapige simu kuikandamiza asasi iliyokataa kumwajiri mpwa wake. Wanawake wanaweza kukaa kimya mbele ya ubao kama wanavyokaa kimya mkutanoni. Aliyenyimwa mradi ana sababu ya kuusema vibaya. Kukanusha nako kunaweza kutekwa. Sina dawa kamili ya hilo, isipokuwa kwamba kauli ndogo hubishaniwa kwa namna inayoweza kumalizika. Ubishi kuhusu kama asasi "inajali jamii" hauna mwisho. Ubishi kuhusu kama kilula cha nne kinatoa maji unamalizwa kwa kwenda na ndoo.

Kuna wanaodhani haya yote ni ndoto za wanataaluma ambazo mamlaka hazijawahi kuzitamka. Zilitamkwa. Kanuni za asasi zisizo za kiserikali za mwaka 2018, katika vipengele vyake kuhusu fedha zinazozidi shilingi milioni 20, zinaitaka asasi itangaze mapato na matumizi mara mbili kwa mwaka kupitia magazeti na vyombo vingine ambavyo walengwa wanaweza kuvifikia kwa urahisi. Kanuni hizo zililalamikiwa wakati ule kuwa ni kamba ya kuzibana asasi, hasa sharti la kupeleka mikataba ya wafadhili serikalini ndani ya siku kumi, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini kipengele cha walengwa ni kizuri kuliko tovuti nyingi zinazoshinda tuzo. Asasi nyingi hukitimiza kwa tangazo la robo ukurasa kwenye gazeti la Kiingereza.

Imebaki gharama. Kutafsiri, kuchapa, kupokea simu na kwenda kuhakiki kilula ni kazi ya mtu, na mtu hulipwa. Wakurugenzi huniambia kwamba mfadhili hawezi kuilipia kwa sababu itahesabiwa kama uendeshaji. Ningependekeza iandikwe kwenye fungu la ufuatiliaji na tathmini, ambalo karibu kila mkataba unalo na ambalo kwa desturi humleta mshauri mara moja mwishoni mwa mradi. Nauli ya ndege ya mshauri huyo kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kurudi, pamoja na posho zake za siku nne, ingelipa karatasi za mbao za matangazo za kata nzima ya Kalinzi kwa mwaka, na vocha ya simu ya kupokea pingamizi ingebaki humohumo.